Mota ya Cherehani kwenye Pikapu ya Baba

Jumapili, 9 Novemba

Kikao cha familia, sebuleni, baada ya chakula cha mchana. Ajenda moja tu: pikapu ya marehemu Baba. Mama anataka kuiuza! Kasema imekaa uani miaka miwili inamkodolea macho kila anapoanika nguo. Kasema gari lisilombeba ni la nini. Nikamkumbusha kwamba niliiwasha mwezi wa sita. Akanikumbusha kwamba siku hiyo nilipakia viti vya shule mpaka kwenye kiti chake cha mbele, nikamwambia yeye apande basi.

Ni kweli. Mimi ni mtunza stoo wa shule. Viti vilikuwa vingi.

Shemeji, mume wa dada yangu, alikuja na dawa yake mfukoni. Anamfahamu mnunuzi wa vyuma chakavu, na huyo atafika Jumamosi saa nne asubuhi. Shemeji ni karani. Ana kagari kadogo keupe anakokafuta kwa kitambaa cha miwani. Kila anachosema kinaanza na "kwa mtazamo wangu". Kwa mtazamo wake pikapu si gari tena, ni banda la kuku lenye usukani. Watu wakacheka. Mke wangu alicheka kuliko wote.

Nikasimama. Nikaomba wiki moja. Niko likizo, mikono ninayo, akili ninayo. Mama akanitazama sana, kisha akatoa sharti: Jumamosi asubuhi nimpeleke kwa dada, mlima mmoja na daraja moja, halafu nimrudishe, gari lisisukumwe hata mara moja. Nikiweza, haliuzwi. Nikishindwa, mnunuzi aondoke nalo.

Niandike ukweli, kwa kuwa daftari hili hakuna alisomaye. Siwezi kuona pikapu ile ikikatwa vipande. Baba hakuwa msemaji. Katika maisha yake alinisifu mara moja tu, siku nilipoirudisha kinyumenyume hadi uani bila kugonga choo. Alisema, "Haya." Basi. Hiyo "haya" nimeishi nayo miaka ishirini. Nimpe mtu wa vyuma chakavu? Thubutu!

Jumatatu, 10 Novemba

Ukaguzi wa gari. Aibu tupu! Baba, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa kubandikabandika. Kirungu cha gia ni kitasa cha mlango wa kabati. Dirisha la abiria limezuiwa na kijiko. Na wipa? Baba alituambia mota yake ilikufa zamani. Basi akafunga kamba kwenye wipa zote mbili, ncha moja ikaingia dirisha la dereva, nyingine dirisha la abiria. Dereva anavuta, halafu abiria anavuta, na wipa zinakwenda na kurudi. Watu wazima wawili wanavutana kamba barabarani! Nimeikata na kuitupa kwenye pipa la taka. Imekuwa nyeusi kwa kushikwa.

Nimeamua: gari jipya kabisa, kwa vifaa vya nyumbani, vilivyobuniwa na mimi mwenyewe. Penye nia pana njia.

Nimeanza na uso. Wavu wa mbele ulikuwa umeliwa na kutu. Nimefunga kichanja cha chuma cha kukaushia vyombo. Kimekaa vizuri mno, gari linatabasamu. Mke wangu ni muuguzi, alirudi kutoka zamu akakuta sahani zimelazwa juu ya gazeti. Akauliza kichanja kiko wapi. Nikampeleka nje nikamwonyesha. Hakusema neno. Nadhani imemgusa.

Jambo jingine. Kiti cha abiria kimejaa maganda ya maharage, mengine mabichi. Panya! Nimetega mtego pale pale kitini.

Jumanne, 11 Novemba

Mtego umefyatuka lakini panya katoroka. Ni panya mjanja, au ni mkubwa.

Mama ana kitambaa kidoleni. Anasema ni kisu. Nimemshauri awe mwangalifu jikoni, umri unakwenda. Amenitazama kwa jicho ambalo sikulielewa.

Kazi ya leo: bodi. Mbao za ubavuni zimeoza, unazichoma kwa kidole. Mbao nzuri ziko wapi ndani ya nyumba, zimekauka, zimenyooka, zina urefu sawa? Nilizunguka saa nzima. Nikakaa kitandani kufikiri. Ndipo nikazihisi chini yangu. Chaga! Zipo kumi na mbili. Nimechukua saba. Kitanda ni cha watu wawili, tena si wanene.

Bodi inapendeza hadi natamani kulala humo.

Jumatano, 12 Novemba

Mke wangu ameamka akiwa sakafuni, kakunjwa na godoro. Kasema mtu anayekata tawi alilokalia ana nafuu kuliko mimi, maana yule anaanguka peke yake. Kasema chaga zirudi. Nimesema Jumapili. Kasema leo. Tumekubaliana Jumapili, yaani mimi nimekubali, yeye amekwenda kazini.

Fundi wa mtaani amekuja kupima injini. Tunamwita Fundi Kesho kwa sababu ndiyo ahadi yake, lakini leo kaja leo, kwa heshima ya Baba. Kasikiliza injini huku kafumba macho, kasema ni nzima, mzee aliitunza. Halafu akauliza kamba ya wipa iko wapi. Nikamwambia mambo ya kamba yamepitwa na wakati, naweka mota. Akasema wipa za gari hili hazitaki mota, zinataka watu wawili. Kidole kimoja hakivunji chawa, kasema. Wivu wa mafundi huo! Hataki kuona mtu wa stoo akimpita.

Mota nimeipata wapi? Chini ya pua zetu! Mama ni mshonaji, sasa amestaafu ila bado anashonea majirani. Cherehani yake ina mota ya betri, Baba aliifunga zamani ili Mama ashone hata umeme ukikatika. Nimemweleza Mama kwamba kukanyaga pedali kwa miguu ni dawa ya magoti. Akauliza mota naipeleka wapi. Nikamwambia. Akafuta vumbi kwenye ile mota kwa kiganja, akasema nichukue.

Sasa sikiliza maajabu. Mota imeingia pale mbele bila kukata chuma hata kidogo! Matundu manne ya skrubu, skrubu nne, zote zimekubali. Hata mkono wa wipa umeshika. Hiki ni kipaji, hakisomewi. Fundi Kesho alipoona akacheka mpaka akashikilia boneti. Nikauliza anacheka nini. Akasema nitaambiwa na mwenyewe. Mwenyewe nani? Akaondoka na spana zake.

Nimewasha wipa. Zimekwenda. Zimerudi. Mwili ulinisisimka.

Alhamisi, 13 Novemba

Bomba la moshi. La zamani lilikuwa na tundu la kupitisha ngumi. Nimeunganisha makopo matatu ya rangi kwa waya. Mlio wake ni wa simba. Mke wangu kasema ni wa mbuzi mwenye pumu. Muuguzi kila mahali anaona ugonjwa.

Kioo cha pembeni hakipo tangu Baba alipopishana vibaya na ng'ombe. Nimefunga cha mke wangu cha kujipodoa, kina shingo inayozunguka, kimetulia kabisa. Nikatoka kwenda kujaribu gari, peke yangu, madirisha wazi, moyo mweupe.

Nimefika kwenye kona ya duka la dawa, nikatupa jicho kiooni. Jitu! Limejaa kioo kizima! Lori bila shaka, limenikaribia, linataka kunimeza. Nikakata usukani, nikaingia mtaroni kulipisha. Likapita. Ilikuwa baiskeli. Juu yake fundi viatu, mzee wa watu, akavua kofia kunishukuru. Kasema tangu azaliwe hajapishwa kwa heshima namna ile.

Kumbe kioo kile kinakuza. Ndivyo mke wangu anavyoona chunusi kabla hazijatoka.

Watu wanne walinisukuma kutoka mtaroni. Haihesabiki. Sharti ni la Jumamosi, leo ni Alhamisi. Nimewaomba wasiseme. Nilipofika nyumbani mke wangu alikuwa anajua tayari, na alikuwa anakitafuta kioo chake.

Ijumaa, 14 Novemba

Shemeji kaja kukagua. Kazunguka pikapu, mikono nyuma. Kagusa kichanja, kikalia. Kachungulia makopo. Kwa mtazamo wake nimeondoa banda la kuku nikajenga jiko. Halafu akaanza kupima uwanja kwa hatua, moja, mbili, tatu, mpaka ukutani! Nikamuuliza anapima nini. Akasema anaona tu kwamba gari lake lingepata kivuli hapa akija kututembelea. Kumbe! Kikulacho ki nguoni mwako.

Nikajikaza. Nikamwambia kwa kuwa mtazamo wake ni mzuri hivyo, kesho awe mwamuzi, apande nasi ahakikishe hatusukumwi. Akakubali. Nikamjulisha kuwa mbele kuna nafasi ya watu wawili tu, mwamuzi anakaa kwenye bodi. Tayari alikuwa amekubali mbele ya Mama.

Jioni Mama kaniuliza kamba ya wipa niliiweka wapi. Nimemwambia ipo pipani, asijali. Akachukua taa ya mkononi akatoka. Nadhani alikwenda kumwaga takataka. Aliporudi akaniomba niondoe mtego kwenye kiti. Kasema humo hamna panya. Nikamuuliza anajuaje. Akasema yeye anajua. Wazee wana ukaidi wao.

Nina hofu. Kila mara nikikipita kiti cha dereva namwona Baba pale, amenyamaza.

Jumamosi, 15 Novemba

Siku yenyewe. Nitaandika yote kwa mpangilio.

Saa nne kasoro. Mnunuzi wa vyuma chakavu kafika mapema, kakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, anaitazama pikapu kama mtu anayesubiri chakula kiive. Shemeji kavaa shati jeupe na kapanda kwenye bodi na mwavuli. Mama kavaa gauni lake la bluu, la kutokea. Kaingia mbele, kaweka mkoba mapajani, kaangalia mawingu.

Gari limewaka kwa mkupuo mmoja! Tumetoka getini kwa mlio wa simba. Kwenye tuta la kwanza simba akaanguka. Makopo yote matatu yakabaki barabarani, na sisi tukaendelea kwa mlio ambao sijui niufananishe na nini. Mama akaziba sikio moja. Sikusimama. Bomba la moshi si kusukumwa.

Mlimani kichanja kikaanza kujifungua. Kilining'inia upande mmoja, kikapiga, kikapiga, kikatoka. Shemeji akagonga paa kunijulisha. Nikaendelea. Kwenye kona ya juu akashika chaga asianguke, na chaga ikabaki mkononi mwake. Akagonga paa tena, safari hii kwa chaga.

Tumefika darajani, mvua ikamwagika. Si manyunyu, mvua! Kioo kikawa maji matupu, sioni boneti. Nikatabasamu. Nikamwambia Mama atazame sasa kazi ya mwanawe. Nikabonyeza swichi.

Wipa zikaenda. Zikarudi. Zikaenda tena, taratibu kidogo. Ikaja harufu ya nguo iliyounguzwa na pasi. Ukatoka moshi kwenye dashibodi, wipa zikasimama wima kama watu wawili walionyoosha mikono juu. Nikabonyeza. Nikapigapiga. Nikasihi. Kimya.

Nikasimamisha gari katikati ya daraja. Nyuma Shemeji anapiga kelele, mwavuli umepinduka, kwa mtazamo wake imetosha, turudi, lisukumwe, liuzwe. Na mimi, mtu mzima mwenye mke, machozi yakanilenga. Nikamwambia Mama anisamehe. Nikamwambia nimeshindwa kumlindia mumewe kitu kimoja alichokiacha.

Mama kafungua mkoba. Katoa kamba.

Ile ile, nyeusi, ameifua, ameunga pale nilipoikata kwa fundo na uzi wa cherehani. Kashuka kwenye mvua na gauni lake la bluu, kafunga wipa moja, kafunga ya pili, mafundo ya haraka, ya mtu aliyezoea. Kapitisha ncha moja dirishani kwangu, kazunguka, kaingia na ya kwake. Ameloa chepechepe. Akaniamuru nivute.

Nikavuta. Kioo kikafunguka nusu. Akavuta yeye, na kidole chake kimefungwa kitambaa. Nikaiona barabara. Tukaondoka, vuta mimi, vuta yeye. Mara ya kwanza nilivuta kabla ya zamu, akanipiga kofi mkononi. Kidogo kidogo tukaenda sawa.

Ndipo akaanza kucheka, na akaanza kusema. Kasema mota haikufa hata siku moja. Baba aliing'oa kwenye gari akamfungia kwenye cherehani, mwaka ule umeme ulipokuwa unakatika kila siku na yeye ana sare za shule nzima za kushona. Mota niliyoifunga Jumatano ilikuwa imerudi kwao, ila imeshona miaka kumi na minne, imechoka. Kasema Baba alisema atanunua nyingine. Hakununua. Yeye naye hakumkumbusha.

Kwa nini? Kwa sababu nyumbani Baba hakuwa na maneno. Anakula, anasikiliza redio, analala. Lakini mvua ikinyesha njiani ilibidi aseme "vuta", na akishasema vuta alisema na mengine. Alimsimulia utoto wake kwenye kamba hii. Alimweleza alivyoogopa siku nilipozaliwa. Msimu wa mvua ukianza, kasema Mama, yeye ndiye aliyekuwa anatafuta safari.

Na tangu Baba afariki hakuna aliyemwambia apande. Basi alasiri akijisikia mpweke huenda uani, huingia, hukaa kwenye kiti chake na kuambua maharage humo humo.

Kumbe panya! Nikaomba radhi ya kidole. Kasema nivute, ni zamu yangu.

Tumefika kwa dada. Tumekunywa chai. Shemeji kavaa fulana ya mkewe na kubaki huko huko, anapiga chafya. Tumerudi wawili, mvua bado, na Mama alikuwa anasema njia nzima. Hatukusukumwa hata hatua moja! Shemeji kapiga simu kudai kwamba kusimama darajani kunahesabika. Mama kamjibu kwamba kusimama si kusukumwa, na gari haliuzwi, liwe zima liwe bovu. Mnunuzi hakukasirika. Kaomba yale makopo ya rangi, akayafuata barabarani.

Mama kabla ya kushuka kagusa dashibodi kwa kiganja. Akasema, "Haya." Sijui aliliambia gari au aliniambia mimi. Nimeamua ni mimi.

Jumapili, 16 Novemba

Nimerudisha chaga sita. Ya saba Shemeji anasema ni ushahidi. Kichanja kimepatikana mlimani, kimepinda, sahani sasa zinakaa upande. Mke wangu kanipa chai yenye sukari. Ni dalili nzuri.

Mama kaamka mapema, kaangalia mbingu, kaniuliza wiki ijayo nina safari gani. Nimemwambia kwanza apumzike. Nilimtazama jana: ameloa, kidole kinauma, anavuta kamba maili zote zile, na umri ule! Sikupata usingizi kwa huruma. Baba alikuwa mtu mwema lakini hakufikiri mbali.

Mimi nimefikiri. Kapi! Kile kigurudumu cha kutekea maji kisimani, kipo stoo ya shule. Nikikifunga kwenye mlango wa abiria, kamba inakizunguka na kurudi kwa dereva. Dereva anavuta ncha zote mbili peke yake, hii na hii. Fundi Kesho na chawa wake watanyamaza. Mama hatahitaji kuinua hata mkono. Hatahitaji hata kuja, anaweza kubaki nyumbani akiwa mkavu, na kile kiti nikaking'oa nikapata nafasi ya viti vinane vya shule.

Sijamwambia. Nataka apate furaha ya ghafla.